Bima Unalipa Wewe, Analindwa Mkopeshaji

Kila anayechukua mkopo wa nyumba hapa Kitale hutia sahihi rundo la karatasi, na humo ndani mna fomu ya bima. Mimi ni afisa wa mikopo, wateja wangu wanatoka Trans Nzoia na Bungoma. Watu huuliza riba, huuliza marejesho ya mwezi, huhesabu miaka. Fomu ya bima huitia sahihi wakiwa wamesimama, wanawahi matatu.

Bima zenyewe ni mbili. Moja ni ya maisha: ukifa, kampuni inamlipa mkopeshaji deni lililobaki. Nyingine ni ya jengo, dhidi ya moto na majanga. Zote unazilipia wewe, na katika zote anayelipwa kwanza ni mkopeshaji. Ndivyo rehani ilivyo, sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na yale ambayo hayamo.

Mwalimu mmoja wa upande wa Kiminini alifariki deni likiwa halijafika nusu. Mjane alikuja na cheti cha kifo na barua ya chifu, akiamini nyumba sasa ni ya watoto. Kampuni ya bima ikaitisha faili la hospitali, ikakuta marehemu alikuwa akimeza dawa za presha kabla ya kukopa. Kwenye fomu, swali la magonjwa lilijibiwa "hapana", kwa mwandiko ambao haukuwa wake. Walio nje hawalijui hili: mara nyingi anayejaza sehemu hiyo ni karani anayetaka faili lifungwe kabla ya mwisho wa mwezi. Dai lilikataliwa, na riba ikaendelea kupanda huku barua zikienda na kurudi.

Hata hivyo, wengi ninaowaona wakishindwa kulipa wako hai na wazima. Wamefutwa kazi, au mshahara haujaingia. Watu wa Webuye wanayajua haya tangu kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipofungwa mwaka 2009. Kupoteza kazi hakumo katika fomu nyingi zinazopita mezani pangu. Pale kunapokuwemo, ni kwa miezi michache, tena kwa malipo ya ziada, na mteja huikataa sehemu hiyo ili marejesho yapungue. Baada ya hapo ni Sheria ya Ardhi ya 2012: notisi ya miezi 3, kisha ya siku 40, kisha dalali naye na siku zake 45. Karatasini ni muda mrefu. Kwa mtu anayetafuta kazi Bungoma, ni mfupi mno.

Kuna bima nyingine, ile inayomfidia mkopeshaji mteja anaposhindwa kulipa. Kanada, mwenye amana iliyo chini ya 20% ya bei analazimika kuwa nayo anapokopa benki. Marekani serikali ilianza kuitoa mwaka 1934. Haimuokoi mdaiwa na mnada, lakini inamwezesha mtu wa kipato cha kawaida kuingia mlangoni na amana ndogo. Mezani pangu sijawahi kuiona. Kwa hiyo tunajikinga kwa njia nyingine. Tunadai amana kubwa na hatimiliki safi. Mthamini anaandika bei mbili, ya soko na ya kuuza haraka, nasi tunaangalia hiyo ya pili. Kwenye sacco, bima ni wadhamini. Mwenzao akishindwa, akiba zao zinakatwa, na nimeona walimu wa shule moja wakiacha kusalimiana kwa sababu hiyo.

Kampuni ya KMRC iliundwa mwaka 2018 ili benki na sacco zipate fedha za muda mrefu kwa riba nafuu. Imesaidia, nimeandika mikopo ambayo bila fedha hizo isingewezekana. Lakini kupata fedha ni jambo moja, kubeba hasara ni jingine, na hasara imebaki kwa mkopeshaji. Mwisho wa 2022, nchi nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba isiyofika 28,000.

Pembeni mwa mji wetu kuna Kipsongo, ambako familia za Waturkana waliokimbia ukame na wizi wa mifugo zimeishi kwa miongo, nyingi katika vibanda vya nailoni na makaratasi. Mama mmoja muuza mboga alinionyesha daftari la chama chake, kila mchango umeandikwa na kuwekwa sahihi, hakuna wiki iliyorukwa. Fomu yangu inaomba hati ya mshahara na hatimiliki. Hana zote mbili, na mkopo wa mabati aliokuja kuuliza sikuweza hata kuufungulia faili.

Tangu Sheria ya Nyumba Nafuu ya 2024, mfanyakazi anakatwa 1.5% ya mshahara, na mwajiri anatoa kiasi hicho hicho. Naamini sehemu ya fedha hizo ingewekwa kuwa dhamana: ilipe marejesho ya aliyefutwa kazi kwa mwaka mmoja, na ibebe hasara ya mikopo midogo ya watu wenye madaftari kama lile.

Kwa anayetia sahihi wiki hii: jaza sehemu ya magonjwa kwa mkono wako, taja presha, taja sukari. Uliza kama kufutwa kazi kumo, na kwa miezi mingapi. Omba nakala ya bima yenyewe, si risiti tu, na umwachie mwenzako nyumbani.