Tulipokimbia Katika Vilima vya Umbria



Juma lililopita kijana mmoja wa hapa parokiani, ambaye huamka alfajiri kukimbia kabla ya kwenda kazini, alituuliza kama ni kweli kwamba mapadre wanaopelekwa masomoni Roma hukimbia nao. Ni kweli, na si kwa kuwakimbia walimu. Akataka tumtajie njia nzuri kuliko zote tulizowahi kuzipita. Tulimtajia palepale mlangoni mwa kanisa, naye akaenda zake ameridhika. Sisi hatukuridhika, kwa maana njia ile ina habari yake, na habari hiyo hatujawahi kuisimulia hadharani.

Mwezi Julai 2014 tulikuwa watatu katika bonde la Umbria, katikati ya Italia, tukimshikia nafasi paroko mmoja aliyekwenda likizo. Sisi tuandikao habari hii tulikuwa wawili, mmoja mtu wa Songea na mwingine wa Bukavu, tungali vijana na miguu yetu ikitutii. Wa tatu alikuwa na umri wa miaka 57, mzaliwa wa milima ya Usambara. Tulimwita Mzee, naye alituita wadogo zangu. Kiswahili ndicho kilichokuwa nyumba yetu ugenini, na kila Jumatatu, baada ya shughuli za Dominika, tulivaa viatu vya mbio tukaenda vilimani.

Asiyeiona nchi ile na afikirie bonde pana lililo tambarare, na upande wa mashariki mteremko mrefu uliopandwa mizeituni kuanzia Assisi hadi Spoleto. Juu ya mteremko huo imekaa miji midogo ya mawe, Assisi, Spello, Trevi, kila mmoja ukiwa umeshikilia kilima chake. Mizeituni hiyo imepandwa juu ya matuta yaliyozuiwa kwa kuta za mawe yasiyo na saruji. Mwaka 2018 shirika la FAO liliuingiza mteremko huo katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Mzee hakuhitaji kuambiwa na FAO. Siku ya kwanza tu aliweka kiganja chake juu ya ukuta mmojawapo, akautazama kama mtu atazamaye shamba la baba yake, akasema kwamba aliyeujenga alijua mvua ni kitu gani.

Njia ya chini, ile ipitayo katikati ya mizeituni kutoka Assisi hadi Spello, ndiyo tungempa mgeni aanze nayo. Hupanda na kushuka bila ukatili, kivuli chake ni chepesi, na bonde lote hulala mkono wa kuume. Jua la Julai, hata hivyo, halina mzaha. Ni heri kuondoka saa 11 alfajiri kuliko kujuta saa 4 asubuhi. Wakulima waliokuwa tayari mashambani walikuwa wakitupungia mikono na kupaza sauti, "Kenya! Kenya!" Hatukuwalaumu. Walikuwa wamemwona Paul Tergat akishinda nusu marathoni ya Milano mwaka baada ya mwaka katika miaka ya 1990, na Mkenya huyo alinolewa na daktari wa Kiitalia, Gabriele Rosa wa Brescia. Basi Mkongo, Mngoni na Msambaa wote wakawa Wakenya. Mzee, ambaye mwendo wake ulikuwa wa kumsindikiza mgeni, alipungia mkono kwa heshima zote za bingwa.

Iko pia njia ya reli ya zamani kati ya Spoleto na Norcia, kilometa 51, iliyofunguliwa mwaka 1926 na kufungwa mwaka 1968. Sehemu zake sasa ni za waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Ni njia ya ajabu kwa madaraja na mahandaki yake, lakini handaki mojawapo lakaribia urefu wa kilometa 2, na kukimbia gizani ukisikia nyayo zako zikikurudia kutoka kila upande si burudani ya kila mtu. Tulikwenda mara moja. Ilitosha.

Njia tuliyomtajia yule kijana ni ya juu, ile ivukayo mlima Subasio. Mtu hutoka Assisi kupitia lango la Wakapuchini na kuanza kupanda mara moja. Katika kilometa 4 za kwanza hupanda zaidi ya mita 300 hadi Carceri, mahali pa mapango alipokuwa akijitenga Mtakatifu Fransisko na wenzake, ndani ya msitu wa mialoni isiyopukutisha majani. Pale miti huzuia hata sauti. Baadaye msitu hukoma ghafla kama uliokatwa kwa panga, na mtu hujikuta katika malisho matupu, nyasi tu na anga, ng'ombe na farasi wakizurura, na mashimo makubwa ya asili kama mabakuli yaliyozama ardhini. Kilele kina mita 1,290. Siku ikiwa safi, bonde lote huonekana chini kama kitambaa kilichotandikwa. Kutoka hapo njia hushuka hadi kijiji cha Collepino, kisha hufuata mfereji wa maji wa Warumi wa kale kwa kilometa kama 5 hadi Spello, mji uleule ambao kila mwaka, katika Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, hutandika mazulia ya maua barabarani. Waliojenga mfereji waliufuatisha ubavu wa mlima, kwa kuwa maji hayakubali kuharakishwa. Kwa hiyo ni sehemu iliyo karibu tambarare, na magoti hupumzika. Yote pamoja ni kilometa kama 16.

Jumatatu ya tatu ya Julai tulikwenda kwa njia hiyo. Mzee alikuwa na mkoba mdogo mgongoni wenye chupa ya maji, simu yake, na vidonge vyake vya shinikizo la damu, ambavyo alivinywa kila asubuhi baada ya kula kitu. Tulipofika Carceri alikuwa nyuma sana, akihema. Tukamwambia atupe mkoba ili tumpunguzie mzigo. Tulisema hivyo kwa upole, na tuliamini kwamba ni upole. Lakini ukweli ni kwamba mwendo wake ulikuwa umetuchosha kuliko mlima wenyewe, na tulitaka tukishamsaidia tuwe huru. "Tutakungoja kileleni, Mzee," tukamwambia. Akajibu, "Nendeni, wadogo zangu, nakuja."

Tulifika juu yapata saa 12 na nusu. Upepo ulikuwa mkali, jasho likageuka barafu mgongoni. Tulingoja dakika kumi, labda pungufu. Wingu lilikuwa likija kutoka upande wa pili wa mlima, jeupe, bila haraka, likimeza ng'ombe mmoja mmoja. Mmoja wetu akasema Mzee bila shaka amechoka na kurudi Assisi. Mwingine akakubali upesi mno. Tukashuka, na ni lazima tukiri kwamba tulishuka kwa furaha. Hatujawahi kukimbia vizuri namna ile, wala kabla ya siku hiyo wala baadaye.

Saa 2 tulikuwa Spello, kwenye meza ya mkahawa. Tulipiga simu nyumbani mwa paroko, hakuna aliyejibu. Tukangoja. Saa 3 na nusu tukaamua kumpigia Mzee mwenyewe, na simu yake ikalia miguuni petu, ndani ya mkoba.

Hatutaki kueleza sana jinsi tulivyoipanda tena njia ya mfereji. Tuliyemwacha alikuwa juu ya mlima mtupu, ndani ya wingu, bila maji, bila dawa, bila njia ya kumwita mtu. Tuliuona kila ukuta na kila mzeituni kwa macho mengine, tukitafuta fulana ya bluu. Kila tuliyekutana naye tulimwuliza, na kila mmoja alitikisa kichwa.

Tulimkuta Collepino, penye bomba la maji, ameketi juu ya benchi la mawe kando ya bibi mmoja aliyekuwa akimenya maharage. Goti lake moja lilikuwa limefungwa leso yenye damu. Alikuwa akila mkate uliomiminiwa mafuta ya zeituni. Alipotuona alisogea ili tupate nafasi. "Maji ya hapa ni matamu," alisema. "Kunyweni kwanza." Kisha akaomba vidonge vyake, akavimeza, akafunga macho kidogo. Yule bibi ndiye aliyetukaripia, kwa Kiitalia cha mlimani ambacho hatukukielewa chote, akitunyoshea ganda la maharage. Tulielewa cha kutosha.

Tangu siku hiyo Mzee alitangulia na sisi tukamfuata, na mkoba ukabaki mgongoni mwake. Hatukumwomba asimulie yaliyompata mlimani. Tulijiambia kwamba alipotea katika wingu, akaanguka, akafuata kengele za ng'ombe hadi chini. Ndivyo tulivyowaambia wengine, na ndivyo tulivyozoea kujiambia wenyewe kwa miaka mingi.

Sasa Mzee amestaafu na anaishi kwao Lushoto. Mwaka jana tulikwenda kumtembelea sote wawili, na mmoja alitoka Bukavu kwa ajili hiyo. Magoti yake hayampi tena ruhusa ya vilima, lakini alitutembeza polepole hadi kisimani, akatuonyesha ukuta wa mawe alioujenga kuzuia udongo wa bustani yake ya kabichi, hauna saruji hata kidogo. Tulipokuwa tumeketi juu yake tukapata ujasiri wa kumwuliza alipotelea wapi siku ile.

Akatutazama kana kwamba swali halikumfikia vizuri.

"Sikupotea," alisema. "Nilifika kileleni. Mlisema mtaningoja pale, nami nilipowakosa nikadhani mmerudi chini kunitafuta tukapishana katika ukungu. Nikasema nikiondoka, watakaporudi hawatanikuta. Basi nikakaa karibu saa nzima. Goti niliumia baadaye, wakati wa kushuka, kwa kuwa miguu ilikuwa imekufa kwa baridi."

Akainama kuokota jiwe lililokuwa limedondoka, akalitafutia mahali pake ukutani.