Nani Aliyeutunga?



Tafakari ya juma hili inahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana kuwa la starehe tu, nalo ni kupanga muziki wa klasiki, hasa ule wa ibada, ndani ya kicheza muziki cha mfukoni, kile ambacho vijana wetu hukiita kwa kifupi MP3. Najua kwamba wengi wenu siku hizi husikiliza kwa simu, na kwamba hata iPod, iliyoanza kuuzwa mwaka 2001 ikavuma dunia nzima, iliacha kutengenezwa mwaka 2022. Lakini hapa Tunduma kifaa kidogo chenye kadi bado kina wapenzi wake. Dereva anayelala katika foleni ya malori akisubiri kuvuka kwenda Nakonde hapendi kumaliza chaji ya simu kwa ajili ya muziki, maana simu hiyo ndiyo inayomuunganisha na tajiri wake na mama watoto. Mmoja wa madereva hao, mwanaparokia mwenzetu aendaye mara kwa mara hadi Lubumbashi, aliniletea kadi yake na kuniomba nimpangie. "Padre," alisema, "humu ndani kila kitu kimo, ila ninachokitafuta sikipati."

Nilipoifungua kadi hiyo katika kompyuta ya parokia nilikuta mafaili zaidi ya 800. Zilikuwamo Misa za Mozart na za Haydn, Messiah ya Handel, nyimbo za Kigregoriani, na kwaya zetu za Kiswahili kwa wingi. Nyimbo kumi na nne, zisizofanana hata kidogo, zilikuwa na jina moja tu: "Track 07".

Tuanze na Misa. Mtunzi wa Misa huandika sehemu zake kwa kufuata mwendo wa adhimisho lenyewe: Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus pamoja na Benedictus, na mwisho Agnus Dei. Kifaa kisichopewa maelekezo hupanga kwa alfabeti, na kwa alfabeti Agnus Dei hutangulia. Basi msikilizaji anakaribishwa mezani kabla hajaomba huruma, na Kyrie anaisikia watu wakiwa karibu kutawanyika. Kiswahili kina nafuu kidogo, kwa kuwa "Bwana utuhurumie" huanza na B na hivyo hukaa mahali pake. Lakini baada ya hapo hufuata Mtakatifu, Mwanakondoo, Nasadiki, na Utukufu ndio unaofunga ibada. Dawa yake ni kuweka namba mbele ya kila jina, tena namba yenye tarakimu mbili, 01, 02, 03, kwa sababu mashine nyingi huiweka 10 mbele ya 2. Messiah ina sehemu zaidi ya 40, na asiyezipa namba hataisikia hata siku moja kama Handel alivyoiandika mwaka 1741. Tena zile redio ndogo za kuchomeka kadi, zinazouzwa pale sokoni, nyingi hazijali jina wala namba. Hupiga nyimbo kwa utaratibu zilivyoingizwa katika kadi, ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kusikika. Anayejaza kadi kwa ajili ya redio hizo anakili faili moja baada ya jingine, kwa subira.

Hayo ni matatizo ya mikono. Liko lingine lenye mizizi mirefu zaidi.

Kila faili la MP3 laweza kubeba ndani yake lebo ndogo ya maandishi, na lebo hiyo ndiyo inayosomeka katika kioo cha kifaa wimbo unapopigwa. Ilibuniwa mwaka 1996. Toleo lake la kwanza lilikuwa na nafasi ya herufi 30 kwa jina la wimbo, 30 kwa mwimbaji, 30 kwa albamu, nne kwa mwaka, 30 kwa maelezo, na namba moja ya kutaja aina ya muziki. Katika orodha ya namba hizo, muziki wa klasiki ni 32 na nyimbo za injili ni 38. Aliyeibuni alikuwa akifikiria wimbo mfupi wa redio, wenye mwimbaji mmoja na jina fupi. Sasa chukua kichwa hiki: "Requiem in D minor, K. 626: Lacrimosa". Kikikatwa kwenye herufi ya 30, maombolezo yale yote hubaki "La". Msikilizaji wa Kiswahili ataona kana kwamba wimbo unakataa kupigwa.

Lakini kukatwa kwa kichwa ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba katika toleo hilo la kwanza mtunzi hakuwa na nafasi kabisa. Nafasi yake ilikuja mwaka 1998, katika toleo la pili, na hata leo vifaa vingi vya bei nafuu huonyesha jina la wimbo na la mwimbaji basi. Muziki wa klasiki hauwezi kuishi hivyo, kwa sababu kazi yake moja ina wenyewe wengi: aliyeitunga, kwaya iliyoiimba, aliyeiongoza, pengine na aliyeimalizia. Kazi ileile huimbwa na kwaya mia, na kila kwaya huwa na sauti yake. Ukimwandika mwimbaji peke yake unampoteza mtunzi. Ukimwandika mtunzi mahali pa mwimbaji, hutajua tena ni rekodi ipi uliyoipenda.

Hiyo Misa ya Wafu ya Mozart yenyewe ni habari ya majina yaliyofichwa. Aliyeiagiza, bwana mmoja tajiri wa Austria aitwaye Walsegg, alifiwa na mkewe mwaka 1791 akataka Misa ya kumkumbuka, akalipa kupitia mjumbe bila kujitaja. Mozart alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huohuo kazi ikiwa haijakamilika. Ile Lacrimosa alikuwa ameandika mwanzo wake tu. Mjane wake, Constanze, akiwa na haja ya malipo yaliyosalia, aliwakabidhi wengine kazi hiyo, na Franz Xaver Süssmayr ndiye aliyeimalizia. Mnamo Desemba 1793 Walsegg aliiongoza ikiimbwa kama kazi yake mwenyewe. Kama zingekuwapo kadi za kumbukumbu zama hizo, nadhani mnajua ni jina gani lingeonekana katika kioo.

Ndugu zangu, msifikiri kwamba hayo ni ya Austria peke yake. Katika mji wetu huu wapo vijana wenye kompyuta ambao kazi yao ni kuwajazia wateja nyimbo katika kadi na flashi. Siwalaumu kwa kutafuta riziki. Ila baadhi yao wana desturi ya kufuta jina la mwimbaji katika lebo na kuandika mahali pake jina la kibanda chao pamoja na namba ya simu, ili kila wimbo ugeuke tangazo. Miaka michache iliyopita nilikuwa katika msiba, na nje ya nyumba redio ya kadi ilikuwa ikipiga nyimbo za kwaya. Bibi mmoja aliyeketi karibu yangu akaanza kuimba sauti ya pili, taratibu, bila kukosea neno. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa kwaya katika kigango kimoja cha huku Songwe, na wimbo ule aliutunga yeye, akiuandika kwa nota za sol-fa katika daftari la shule. Kijana aliyekuwa akiitunza redio akasoma kioo kwa sauti ili kumjulisha bibi ni nani aliyeimba, akamtajia jina la kibanda na namba ya simu. Bibi akamuuliza, kwa upole tu, "Na huyo amezaliwa wapi, mjukuu wangu, mpaka aujue wimbo wa mume wangu?" Hakuna aliyemjibu.

Mozart hawezi kupotea hata akiandikwa "Track 07", kwa sababu yupo mtu aliyemwekea kumbukumbu. Ludwig von Köchel alisomea sheria, akapenda mimea na madini. Muziki haukuwa kazi yake ya kumpatia mkate. Hata hivyo alizikusanya na kuzipanga kazi zote za Mozart alizozijua kwa utaratibu wa miaka, akazipa namba kuanzia 1 hadi 626, akachapisha orodha yake mwaka 1862, yaani miaka 71 baada ya mtunzi kufa. Ile K. iliyo mbele ya namba ni yake. Johann Sebastian Bach, aliyefariki mwaka 1750, alisubiri zaidi: orodha ya kazi zake iliyotengenezwa na Wolfgang Schmieder ilitoka mwaka 1950. Kwa hiyo katika kadi ya dereva wetu kazi ya Mozart na Bach ilikuwa rahisi. Nilitafuta namba, nikaandika namba, nikaendelea.

Kazi ngumu ilianza nilipofika kwenye muziki wa Afrika. Wengi mmesikia Missa Luba, Misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mahadhi ya Kikongo. Iliimbwa mara ya kwanza huko Kamina mwaka 1958 na kwaya iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, chini ya Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Katika mafaili mengi Haazen ameandikwa mtunzi. Lakini Misa hiyo ilizaliwa mazoezini, waimbaji wakibuni na kujibizana kwa mitindo ya nyimbo za kwao, na aliyeimba peke yake katika Sanctus alikuwa Joachim Ngoi. Mimi nimeandika katika nafasi ya mtunzi, "Waimbaji wa Kamina pamoja na G. Haazen", na kama yupo atakayenisahihisha kwa hoja nitamsikiliza. Kwa Misa Baba Yetu ya Padre Stephen Mbunga, yule wa kusini mwa nchi yetu aliyechapisha mwaka 1963 kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, hapakuwa na shaka. Jina lake nimeliandika kwa ukamilifu. Kwa Misa ya Malaika, ile ya Kigregoriani tunayoiimba kwa Kilatini siku za sikukuu, nimeandika "mtunzi hajulikani". Nafasi iliyoachwa tupu humfanya msomaji adhani hakuna aliyetafuta.

Na kwa kuwa tunaishi mpakani, nimeweka humo pia nyimbo mbili za taifa. Mtoto wa shule wa Tunduma na mwenzake wa Nakonde, wanaosikilizana kwa Kinyamwanga bila mkalimani, huimba kila mmoja kwa maneno yake, lakini sauti ni ile ile ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Kimethodisti huko Afrika Kusini aliyeitunga mwaka 1897 na kufariki mwaka 1905. Kifaa kiliziweka nyimbo hizo mbali, moja chini ya Tanzania na nyingine chini ya Zambia, kana kwamba hazijuani. Nilipomwandika Sontonga katika nafasi ya mtunzi zikakaa pamoja.

Mtu anayetaka kupanga kadi yake mwenyewe afanye hivi. Folda kubwa iwe ya mtunzi. Ndani yake folda ya kila kazi, na katika jina la folda hiyo aongeze kwaya iliyoimba na mwaka wa rekodi kama upo. Ndani yake sehemu zenye namba. Kwa lebo, programu ya Mp3tag hupatikana bure kwa kompyuta za Windows na hubadilisha mafaili mengi kwa mara moja. Kwa vifaa visivyoonyesha mtunzi, aliweke jina lake mwanzoni mwa jina la albamu, pale hakuna mashine itakayolificha. Ile nafasi ya aina ya muziki mimi nimeitumia kwa vipindi vya Liturujia: Majilio, Noeli, Kwaresima, Pasaka, na Mazishi. Wanaopenda usahihi watanipinga, lakini paroko anayeitwa usiku kwenda msibani hana muda wa kubishana kama Palestrina ni 32 au 38.

Kwa nyimbo za nyumbani hakuna Köchel. Katika zile 800, nyimbo za Kiswahili 61 hazina mtunzi ninayeweza kumthibitisha. Yule bibi alinikabidhi madaftari mawili ya mumewe, moja limeliwa na mchwa pembeni, na humo nimepata nyimbo 23 zenye tarehe na jina la kigango. Tano kati yake zimo katika kadi ya dereva wetu na sasa zina jina la mwenyewe. Nyingine kumi na nane sijazisikia zikiimbwa popote.

Kwa sababu hiyo, Jumamosi hii baada ya mazoezi ya kwaya, kompyuta ya parokia itakuwa wazi katika chumba cha mikutano. Walimu wa kwaya wa vigango vyote waje na madaftari yao ya zamani, hata yaliyochanika, na mwenye kanda za kaseti azilete pamoja na redio ya kuzipigia, maana ya parokia imeharibika. Wazee waliowahi kuimba miaka ya nyuma nawaomba waje hata mikono mitupu. Tutawapigia zile 61, moja baada ya nyingine, na kijana mmoja atakuwa tayari kuandika.