Ilagala na Buyenzi: Kulea Watoto Ugenini

Mtu wa Ilagala akihamia Bujumbura, watu wa Dar es Salaam hawamhesabu kuwa amekwenda ng'ambo. Hakupanda ndege wala hakuvuka bahari. Ziwa ni lile lile la Tanganyika, dagaa na migebuka ni wale wale, na mwenye Kiha akizungumza na mwenye Kirundi huelewana bila ya mkalimani. Hata hivyo sisi tuliohamia huko, tukalea watoto huko, tumeuonja ugeni kamili, na habari zake ndizo tunazotaka kuwazungumzia wazazi wenzetu, hasa wale ambao watoto wao wanakulia katika miji mikubwa ya watu, iwe Nairobi, iwe Maskati, au kwingineko.

Safari yenyewe si ndefu. Kutoka Ilagala, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia ziwani, hupandwa gari hadi Kigoma, kisha Mwandiga na Manyovu. Hapo mpaka huvukwa kuingia Mugina, na barabara huteremka Mabanda mpaka Nyanza-Lac, halafu hufuata ziwa kwa kupitia Rumonge hadi mjini. Wazee wetu walipenda kwenda kwa meli. Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuingizwa majini Kigoma mwaka 1915, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Wazee hao mji waliuita Usumbura, jina lililoachwa Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962, na wengine hawajazoea kusema vingine mpaka leo.

Twakaa Buyenzi. Msomaji asiyeijua na aifikirie Kariakoo ya Dar es Salaam, ila nyumba zimebanana zaidi na njia zimepewa nambari badala ya majina. Mafundi wa magari wamejaa kila upande, na nyundo zao huanza kulia kabla jua halijapanda. Soko la Ruvumera limo humo humo, nalo lilizidi kufurika baada ya soko kuu la mji kuungua tarehe 27 Januari 2013. Lugha ya barazani ni Kiswahili, kwani wengi wa walioanzisha mtaa huu asili yao ni Ujiji, Manyema na Kongo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993, mitaa mingi ya Bujumbura iligawanyika, Wahutu huku na Watutsi huku, ilhali Buyenzi Waislamu wa pande zote mbili waliendelea kukaa pamoja. Jambo hilo hatulitaji kwa kujisifu, maana sisi hatukuwako. Twalitaja kwa sababu lina uhusiano na kodi ya nyumba yetu.

Tumepanga vyumba viwili katika ua wa watu wengi, bomba la maji moja, lango moja. Watoto ni wanne, na mkubwa, ambaye ni binti, amefikia umri wa kutaka stara yake. Kwa kodi hiyo hiyo mtu aweza kupata nyumba nzima nje ya mji, upande wa Gatumba, na ndugu zetu wametushauri mara nyingi twende. Gatumba ina mashaka yake: mwaka 2020 maji ya mto Rusizi yaliingia majumbani na maelfu ya watu wakahama, na mwaka 2024 ziwa nalo lilipanda likazifuata nyumba za pwani. Lakini si maji tu yaliyotuzuia. Mama watoto, ambaye husema maneno machache, aliuliza hivi: "Huko watapata vyumba vitatu, na atakayewaona ni nani?"

Swali hili lataka kufafanuliwa. Sisi hushinda madrasani na mwenzetu hushinda sokoni. Mtoto akitoka shule asipokwenda chuoni, kabla ya Magharibi tumekwisha pata habari kwa watu watatu: fundi wa magari, mama muuza mkaa, na muadhini. Hakuna mmoja wao aliye jamaa yetu kwa damu. Katika mji ambao jirani wa ukuta mmoja aghalabu hajui jina la mwenziwe, mtaa wa namna hii ni mali, na mali hununuliwa. Sisi twainunua kwa vyumba viwili.

Liko na jambo jingine, nalo ni zito zaidi kwetu. Shule za Burundi husomesha kwa Kirundi na Kifaransa. Sisi tulisoma Kurani na shule ya msingi, na Kifaransa hatukijui. Barua ikitoka shuleni, mtoto ndiye msomaji na baba ndiye msikilizaji. Mtoto wa miaka kumi na mmoja akishika karatasi inayomshitaki mwenyewe, na yeye peke yake ndiye aijuaye, amepewa mtihani mkubwa kuliko wa darasani. Wetu aliwahi kuisoma barua ya namna hiyo mpaka mwisho, bila ya kuficha neno, huku machozi yanamtoka. Tuliithibitisha kwa jirani ajuaye Kifaransa. Siku hiyo hatukumpa adhabu yoyote. Suratu Luqman imetupa baba anayesema na mwanawe kwa upole juu ya mambo makubwa, na twaona upole huo unahitajiwa zaidi na baba ambaye mwanawe amempita katika elimu fulani.

Likizo iliyopita tuliwapeleka Ilagala wiki tatu. Walimwita baba yao "papa," kama waitavyo watoto wa Bujumbura, na bibi yao akastaajabu kwa nini mwanawe amefanywa samaki, tena samaki asiyekuwamo katika ziwa letu. Walijifunza kutenga mise na mawese katika tunda moja la mchikichi. Walikatazwa kuoga mtoni kwa sababu ya mamba, wakadhani ni hadithi, mpaka walipoonyeshwa mmoja kwa mbali. Kijana wetu alipita mbele ya baraza la wazee bila ya salamu. Mzee mmoja akamwita, akamrudisha hadi alipotoka, akamwamuru apite upya. Alipita upya. Akatusimulia kwa furaha, kana kwamba amepewa zawadi.

Adhuhuri ya kwanza, tulipokuwa tukitawadha, kijana huyo aliuliza: "Papa, hapa tunapunguza swala, au tunapunguza tukiwa Bujumbura?"

Hukumu yake ni nyepesi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, anayenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, huswali kamili. Na mji ulio makazi ya mtu haumhesabu kuwa msafiri. Kwa hiyo huku twakamilisha na kule twakamilisha, na kupunguza ni kwa njiani. Tulimweleza hivyo akaridhika. Lakini tuliona kwamba alichokuwa akiuliza hasa si fiqhi, na jibu la hayo mengine hatukumpa siku ile, kwa kuwa atalitoa mwenyewe atakapokuwa mtu mzima, na huenda likawa tofauti na letu.

Bibi yake alitaka tumwache. Alikuwa na hoja: chuo kipo, chakula kipo, na mzee wa barazani yupo. Mama watoto hakusema neno usiku mzima. Tulifikiri habari ya shule yake, ambayo ingekatika na kuanza upya kwa mtaala mwingine. Na tulifikiri wadogo zake, ambao yeye ndiye anayewashika mkono kuvuka barabara. Asubuhi tulimwambia bibi kwamba kijana atarudi nasi, na kila likizo ndefu ataletwa kwake, Inshaallah. Hakufurahi. Alitufungia dumu la mawese na kifurushi cha dagaa, akamkabidhi mjukuu wake badala ya kutukabidhi sisi.

Kodi ya Buyenzi tumelipa tena. Chumba cha pili tumekigawa kwa pazia zito, binti akapata upande wa dirisha.