Nyumba ya Mawe na Hesabu ya Chumvi

Anunuaye nyumba ya kale katika Mji wa Kale wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka wa 2001, huhesabu bei, ada ya wakili na kodi anayoitarajia kutoka kwa wageni. Chumvi haimo katika hesabu hiyo. Ilhali kuta zile ni za matumbawe na chokaa, nazo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje polepole. Plasta ya chokaa huuachia njia. Fundi wa haraka akizikandika saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi huganda, na plasta huvimba ikabambuka. Mwenye nyumba hulipa tena, pengine kwa fundi yuyo huyo!

Dari nayo hubebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio ulioamua wembamba wa vyumba. Paa likivuja, boriti huoza kwa siri ndani ya ukuta. Kuzibadilisha si suala la fedha pekee: marufuku ya ukataji miti ya mwaka wa 2018 iliigusa mikoko ya Lamu pia.

Wanafunzi wa fasihi huisoma Al-Inkishafi, na majumba yake ya Pate yaliyobomoka, kama mawaidha. Mnunuzi angeisoma kama ripoti ya mkaguzi wa majengo. Wapo wenyeji waliouza nyumba za mababu si kwa kutojua thamani yake, bali kwa kulemewa na ukarabati. Mnunuzi huurithi mzigo uo huo, ila yeye hakuachiwa na babu jina la fundi wa chokaa.