Kutoka Bungu Hadi Chini ya Bahari

Mtu aliyekulia Bungu, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, huyajua masikio yake mapema kuliko mtu wa pwani. Gari la abiria linapoanza kuteremka kutoka kwenye ukungu na migomba, likipinda kona baada ya kona, masikio huziba. Abiria humeza mate au hupiga mwayo, na mara sauti ya injini husikika tena. Hakuna aliyemfundisha jambo hilo darasani. Mlima wenyewe umemwonyesha kwamba hewa ina uzito, na kwamba anayeshuka hubanwa na hewa zaidi.

Somo hilo hilo ndilo humkuta mtu katika siku ya kwanza ya mafunzo ya kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa. Mafunzo hayo hutolewa Unguja, Pemba, Mafia na kwingineko katika pwani yetu. Wanafunzi wengi ni wageni. Vijana wetu aghalabu huyaona kwa mbali, wakibeba mitungi hadi kwenye mashua. Hata hivyo wapo wanaotaka kuifanya kazi hiyo kuwa riziki yao, na wapo wazazi milimani wanaoombwa karo. Wazazi hao wana haki ya kuuliza: mafunzo haya ni ya kweli au ni jina tu? Mwandishi wa makala haya aliyafuata mwenyewe katika kituo kimoja cha pwani, naye anakuletea mizani ya kuyapimia.

Chombo chenyewe si cha kale sana. Kilitengenezwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, nacho humpa mzamiaji hewa kila avutapo pumzi. Kozi ya mwanzo kwa kawaida huchukua siku tatu hadi tano: masomo ya darasani, mazoezi katika maji tulivu, kisha kuzamia baharini mara nne. Mwanafunzi huulizwa kuhusu moyo, mapafu na masikio yake. Hutakiwa kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Cheti chake humruhusu kwenda hadi kina cha mita 18.

Kwa nini tahadhari zote hizo? Kwa sababu mita 10 tu chini ya maji, nguvu inayotubana huwa maradufu ya ile ya juu. Mtu akijaza mapafu hewa ya mtungi katika kina hicho, kisha akapanda huku ameibana pumzi, hewa hiyo itataka nafasi mara mbili, na mapafu yaweza kupasuka. Hivyo amri ya kwanza ya mzamiaji ni kutoibana pumzi kamwe.

Sasa tuje kwenye hukumu. Wengi waliomaliza kozi husifu samaki, hulaumu maji machafu, au hueleza jinsi mkufunzi alivyokuwa mcheshi. Hayo si mafunzo. Samaki ni wa bahari, na maji huchafuka au kutakata kwa kufuata upepo na majira. Mwenye kuhukumu kwa haki hutenganisha mambo matatu: lililotoka kwa bahari, lililotoka kwa mkufunzi, na lile ambalo mwanafunzi alikwenda nalo.

Katika kozi yetu tuliamriwa kuvua miwani ya maji tukiwa tumepiga magoti mchangani, chini kabisa. Maji huingia puani, macho hayaoni, na moyo hukimbilia juu. Mkufunzi alimshika kila mmoja ukanda wa fulana yake, akangoja pumzi itulie, ndipo akaruhusu miwani irudishwe. Kesho yake aliturudisha kwenye zoezi lile lile. Mwenzetu mmoja hakuweza kuzibua masikio. Alipandishwa taratibu, na wiki hiyo hakupewa cheti ingawa karo alikuwa amekwisha kuilipa. Aliondoka akinung'unika. Kwangu mimi, hapo ndipo kozi ile ilipoonyesha thamani yake, maana cheti kinachopewa kila aliyelipa hakimlindi yeyote.

Lakini haki haina upande mmoja. Siku ya mwisho tuliulizwa nani atapanda ndege, tukaonywa tungoje angalau saa 18. Hakuna aliyeulizwa kama anarudi mlimani. Hewa ya naitrojeni huyeyuka mwilini mtu akiwa kilindini, na akienda juu upesi hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa ghafla. Maumivu ya viungo, kupooza na hata kifo huweza kufuata. Wazamiaji huhesabu nchi ya juu kuanzia mita 300 tu, na Lushoto mjini ni kiasi cha mita 1,400. Kijana anayezamia Tanga asubuhi, akapita Muheza, Segera na Korogwe, jioni aweza kuwa amekwisha kupanda milima ya kwao. Onyo hilo limo vitabuni. Halikutajwa kwa kuwa wanafunzi wengi hurudi hotelini. Tazama basi, msomaji, jinsi ushuhuda wa mtu wa Bungu unavyofichua lisiloonwa na mgeni wa hoteli.

Jambo hili si mchezo wa matajiri peke yao. Meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, wazamiaji kutoka Afrika Kusini waliitwa kusaidia. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara mwezi Septemba 2018, wazamiaji walimtoa fundi wake akiwa hai siku mbili baadaye. Cheti cha mita 18 hakimfanyi mtu kuwa mwokoaji, lakini bila msingi imara hakuna mwokoaji.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, waulize wawili au watatu waliopita hapo, kwa maana ushuhuda wa mmoja ni wa mmoja. Mkufunzi alikuwa na wanafunzi wangapi baharini? Wakizidi wanane, shaka ni halali. Vyombo vilikaguliwa mbele yao? Yupo aliyenyimwa cheti? Waliulizwa watakwenda wapi baada ya kuzamia? Na ukimkuta kijana amerudi Bungu na cheti chake mfukoni, usimwulize kwanza aliona samaki gani. Mwulize ni zoezi gani alilorudishwa kulifanya tena.