Ufunguo wa Gari na Akiba Yake

Kwa miaka mingi ufunguo wa gari ulikuwa kipande cha chuma chenye meno, basi. Ndani ya kitasa mna silinda ndogo, na ndani ya silinda mna vibao vyembamba vya shaba vinavyosukumwa na springi. Ufunguo usipokuwamo, vibao hujitokeza na kuikwamisha silinda. Ukiingia ufunguo wake, kila jino huvuta kibao kimoja hadi kilingane na ukingo wa silinda. Vikilingana vyote, silinda inazunguka. Siri yote ya gari ilikaa katika vina vya meno hayo, na fundi mwenye jicho zuri na tupa aliweza kuisoma.

Katika magari ya Kiingereza yaliyotamba Afrika Mashariki kabla na baada ya uhuru, akina Land Rover, Austin na Morris, siri hiyo wala haikufichwa sana. Swichi nyingi zilitumia funguo za mfululizo wa FS, na namba ya ufunguo, yaani herufi hizo na tarakimu tatu, ilipigwa chapa usoni pa swichi yenyewe. Aliyepoteza ufunguo aliisoma namba, akaenda duka la spea, akanunua mwingine uliokwisha chongwa. Namna zake zilikuwa chache, kwa hiyo iliwezekana kabisa gari la idara moja kuwashwa kwa ufunguo wa gari la idara nyingine. Watu waliishi hivyo bila kulalamika. Gari lilikuwa moja mtaani, na kila mtu alijua la nani.

Mengi ya magari ya zamani hayakuwashwa hata kwa ufunguo. Ufunguo ulifungua umeme tu. Stata ilipigwa kwa kitufe cha pembeni au kwa mguu, na betri ikichoka, kwa hendeli. Ni Chrysler ya Marekani, mwaka 1949, iliyounganisha mambo hayo mawili: zungusha hatua ya kwanza umeme unafunguka, zungusha zaidi stata inalia. Kitufe kinachosifiwa leo kwenye dashibodi kiliwahi kuwapo, kikafukuzwa na ufunguo, kisha kikarudi kulipiza.

Ufunguo wa akiba wa enzi hizo ulikuwa nakala, na nakala ilipatikana kando ya barabara. Mashine ya kuchongea ilikuwa, na bado ni, kitu rahisi. Fundi hubana funguo mbili sambamba, ule wa mteja na mwingine usiochongwa. Ncha ya chuma inapita juu ya meno ya wa kwanza, na gurudumu lenye makali, lililoshikamana na mkono uleule, linakata wa pili kwa vina vilevile. Vumbi la shaba linamwagika mezani, brashi ya waya inaondoa makwaruzo, kazi imekwisha kabla mteja hajamaliza soda yake. Kasoro ya njia hii ni kwamba mashine hainakili ufunguo uliotoka kiwandani. Inanakili huu ulioko mkononi, pamoja na uchakavu wake. Nakala ya nakala ya ufunguo wa miaka ishirini huzaa ufunguo unaohitaji kubembelezwa kila asubuhi.

Toyota, Datsun na Nissan zilipoanza kushika barabara, ufunguo mmoja ukafanya kazi zote, milango, buti na swichi, na ukawa na meno pande zote mbili ili usijali umeingizwaje. Gari jipya lilikuja na kibao kidogo cha chuma chenye namba ya ufunguo. Kwa namba hiyo fundi mwenye jedwali huchonga kwa vipimo vya kiwandani, na uchakavu wa ufunguo wa zamani haurithiwi. Kibao hicho ndicho kitu cha kwanza kupotea. Wengi walikiacha kikining'inia kwenye pete pamoja na funguo zenyewe, na vyote vikapotea siku moja.

Rimoti ilitoka Ufaransa. Mwaka 1982 Renault ilitoa gari la Fuego lililofungwa na kufunguliwa milango kwa kifaa cha mkononi, uvumbuzi wa Paul Lipschutz. Wafaransa wakakiita plip kutokana na jina lake. Kilitumia mwanga usioonekana, kama rimoti ya televisheni, kwa hiyo mtu alilazimika kukielekeza. Baadaye mawimbi ya redio yalichukua nafasi yake, na mtu akaweza kufungua gari rimoti ikiwa mfukoni.

Hapo likazuka tatizo ambalo chuma hakikuwa nalo. Rimoti za mwanzo zilirusha namba ileile kila zilipobonyezwa. Aliyejificha na kipokezi chake maegeshoni aliirekodi namba hiyo mara moja, kisha akairudia mwenye gari alipoondoka. Dawa ilikuwa namba inayobadilika kila mbonyezo, na moja ya dawa hizo zilizosambaa zaidi ilitengenezwa barani Afrika. Mfumo wa KeeLoq ulibuniwa katika miaka ya 1980 na kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini, na mwaka 1995 ukanunuliwa na Microchip ya Marekani. Rimoti na gari hushirikiana siri moja na hesabu ya mibonyezo. Kila mbonyezo unasogeza hesabu mbele, namba mpya inakokotolewa kutoka humo, na gari linakataa namba ambayo limekwisha kuipokea. Ikiwa mtoto amechezea rimoti sebuleni, hesabu yake hutangulia ile ya gari. KeeLoq huvumilia mibonyezo 16 ya namna hiyo bila shida. Ikizidi, gari husubiri lisikie namba mbili zinazofuatana ndipo likubali kwamba ni rimoti yake. Baadhi ya rimoti zinazodaiwa zimekufa zimetangulia tu.

Kwa magari yaliyotumika Japani kuna jambo la pili. Rimoti za soko la Japani huzungumza karibu na megahezi 315, za Ulaya kwenye 433.92. Kasha linafanana, vitufe vinafanana, hata nembo ni ileile, lakini rimoti ya Ulaya iliyonunuliwa dukani haitafungua gari lililoshushwa Mombasa au Dar es Salaam kutoka Yokohama. Ni ndugu wa tatizo la redio ya gari la Japani, ambayo kwa miaka mingi iliishia megahezi 90 na kuacha stesheni nyingi za hapa nje.

Mpaka hapo rimoti ilihusu milango tu. Mwizi aliyevunja kioo bado aliweza kung'oa swichi na kuunganisha waya, na Ulaya ya miaka ya mwanzo ya 1990 iliibiwa magari hivyo kwa wingi. Bima zikashinikiza, sheria zikafuata, na kufikia 1998 gari jipya la abiria katika Umoja wa Ulaya lililazimika kuwa na imobilaiza, yaani kifaa kinachozuia injini isiwake bila ufunguo wake. Badiliko hili ni kubwa kuliko rimoti na kitufe vyote pamoja, ingawa halionekani kwa macho.

Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo kuna chipu ndogo isiyo na betri. Kuizunguka swichi kuna koili. Ufunguo ukizungushwa, koili hutoa uga wa sumaku wa kama kilohezi 125, uga huo unaipa chipu umeme wa kutosha kuamka, na chipu inajitambulisha. Chipu za mwanzo zilitaja namba yao tu. Zilizofuata huulizwa swali: gari linatoa namba ya bahati nasibu, chipu inaikokotoa kwa siri iliyofungiwa ndani yake na kurudisha jibu, gari nalo limekwisha kukokotoa lake. Majibu yakilingana, kompyuta inaruhusu mafuta na moto. Yasipolingana, stata huzunguka bure, au injini inanguruma kidogo na kuzimika, na taa ndogo yenye picha ya gari na kufuli inawakawaka.

Kwa ufunguo wa akiba, mambo yaligeuka hapo. Wenye magari waliendelea kwenda kwa fundi wa kando ya barabara, wakachongewa ufunguo uliofungua milango vizuri na kuzunguka kwenye swichi bila kukwama, lakini gari halikuwaka. Wengi walimlaumu fundi kwa meno mabaya, na meno hayakuwa na kosa. Ufunguo wa pili ulikuwa umeacha kuwa nakala; ulikuwa sasa jina linaloandikishwa katika kumbukumbu ya kompyuta ya gari, na mwenye ruhusa ya kuandikisha ni anayeshika ufunguo ambao tayari umo. Katika Toyota za mwishoni mwa miaka ya 1990 jambo hili lilikuwa wazi kabisa. Ufunguo mkuu uliweza kuongeza mwingine kwa utaratibu wa kufungua mlango, kukanyaga pedali na kuzungusha swichi kwa idadi maalumu. Ufunguo wa mlinzi wa maegesho, wenye kichwa cha kijivu, uliwasha gari lakini haukuruhusiwa kuongeza chochote. Zikipotea funguo kuu zote, kompyuta ya injini ilibadilishwa au kuandikwa upya.

Mafundi walijibu kwa namna mbili. Wa kwanza walinunua vifaa vya kuunganisha kwenye soketi iliyo chini ya usukani, wakajifunza kusoma kumbukumbu na kuandikisha chipu. Ndio hao ambao leo mabango yao yanaonekana Kariakoo na Kirinyaga Road. Wa pili walitafuta mkato: chipu ya ufunguo mzima inatolewa, inafungwa kwa utepe kando ya koili nyuma ya plastiki ya usukani, na kuanzia hapo ufunguo wowote wa chuma wenye meno sahihi unawasha gari. Ni ujanja unaofanya kazi, na unalirudisha gari miaka thelathini nyuma. Mnunuzi wa gari kuukuu anaweza kuutambua kwa jaribio dogo: ufunguo uliochongwa bila chipu ukiwasha gari lenye imobilaiza, chipu iko mahali fulani ndani.

Thamani ya kijichipu hicho ilionekana Marekani, ambako sheria haikulazimisha imobilaiza. Modeli nyingi za Kia na Hyundai za miaka ya 2011 hadi 2021, za kuwashwa kwa ufunguo, ziliuzwa bila hiyo. Vijana walipogundua kwamba ukishavunja plastiki ya usukani ncha ya waya wa USB inatosha kuizungusha swichi, wizi wa magari hayo ulipanda katika miji mingi. Lakini chipu nazo si kinga kamili. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao wa kampuni ya RSA waliivunja siri ya chipu moja iliyotumika sana, yenye biti 40 tu, wakawasha gari la Ford kwa jibu walilolikokotoa wenyewe.

Ufunguo usioingizwa popote ulijitokeza Marekani kwenye Corvette ya 1993 kwa upande wa milango, na Mercedes-Benz ikauongezea kuwasha injini mwishoni mwa muongo huo. Humo mazungumzo ni ya njia mbili. Mkono ukigusa kitasa cha mlango, antena za gari hutoa mawimbi ya nguvu ndogo, kwa makusudi yasizidi mita moja na kitu. Rimoti iliyo ndani ya eneo hilo inaamka na kujibu kwa redio yenye masafa marefu zaidi. Antena nyingine ndani ya gari huhakikisha kwamba rimoti imo ndani kabla ya kitufe kukubali.

Ukifungua kasha la rimoti ya aina hiyo utakuta betri ya duara, mara nyingi CR2032 ya volti tatu, koili ndogo za waya mwembamba, na pembeni, kwenye kijishimo, ufunguo wa chuma unaochomolewa kwa kidole. Haukuondoka. Betri ikifa, chuma hicho kinafungua mlango wa dereva. Katika modeli nyingine tundu lake limefichwa chini ya kifuniko cha plastiki. Kisha rimoti inagusishwa kwenye kitufe cha kuwashia, mguu ukiwa kwenye breki, na koili ya kitufe inaiamsha chipu bila betri kwa njia ileile ya zamani. Madereva wengi wamevutiwa gari hadi gereji kwa sababu ya betri ya saa.

Udhaifu wa mfumo huu ni kwamba gari linapima kama rimoti inasikika, na kusikika kunaweza kurefushwa. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zürich waliyajaribu magari kumi ya watengenezaji wanane kwa vifaa viwili vya kupokezana mawimbi, kimoja karibu na gari na kingine karibu na mwenye rimoti. Yote kumi yalifunguka na kuwaka. Ndiyo sababu rimoti mpya kadhaa hulala zikiachwa bila kutikiswa, na baadhi ya magari ya karibuni yanapima muda wa wimbi kwenda na kurudi, jambo lisilodanganywa kwa kurefusha.

Afrika Mashariki mabadiliko haya hufika yakiwa yamechelewa na kwa mafungu. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo yanayoshuka Mombasa sasa mengi ni ya kuwashwa kwa kitufe. Mara nyingi gari hufika na ufunguo mmoja, na mnunuzi huahirisha wa pili kwa kuwa wa kwanza unafanya kazi. Huo ni uwekevu wa gharama kubwa. Ufunguo mmoja ukiwapo, kuongeza wa pili ni kazi ya dakika chache. Ukipotea huo mmoja, kumbukumbu yote ya imobilaiza hufutwa na kuanzishwa upya, na modeli kadhaa za Toyota hulazimisha kusubiri kama robo saa kifaa kikiwa kimeunganishwa, kwa makusudi ya kumchosha mwizi. Rimoti iliyotumika kwenye gari jingine nayo mara nyingi haikubali, kwa kuwa imefungwa kwa gari lake la kwanza mpaka ifunguliwe kwa kifaa maalumu.

Fundi mzuri, kabla ya kuongeza, husoma idadi ya funguo zilizoandikishwa. Kompyuta ikisema tatu na mkononi upo mmoja, mbili ziko kwa mtu mwingine. Huzifuta zote, kisha huandikisha ule ulio mkononi na ule mpya. Zilizofutwa haziwashi tena injini, ila chuma chake bado kinafungua mlango. Asiyetaka hata hilo hubadilisha mpangilio wa vibao vya shaba ndani ya kitasa.