Desturi ya Kazini na Njia ya Kwenda Kazini

Wazee walisema desturi ni kama sheria. Sheria huandikwa na kusomwa. Desturi haiandikwi, lakini mara nyingi hutiiwa kuliko sheria. Mtu hudhani amechagua mwenyewe kwenda kazini kwa miguu, kwa baisikeli, kwa matatu au kwa gari lake, kumbe mahali pake pa kazi pamekwisha kumchagulia.

Nimefundisha katika shule mbili huku nikikaa katika nyumba ile ile, na kila shule ilikuwa mwendo wa kilomita tano hivi. Katika shule ya kwanza magari yaliwekwa chini ya paa la mabati karibu na ofisi. Baisikeli yangu iliegemezwa nyuma ya jiko, ikanyeshewa mvua. Bawabu alilikimbilia lango aliposikia honi, lakini mwenye baisikeli alingoja. Walimu vijana walikopa fedha wakanunua magari, ingawa mishahara yao ilikuwa haba. Njia haikuwa ndefu. Heshima ndiyo iliyokuwa fupi.

Katika shule ya pili mwalimu mkuu alikuja kwa miguu. Banda la baisikeli lilijengwa mbele ya ofisi, palikuwa na maji ya kunawa na chumba cha kubadilishia nguo, na mikutano ilikwisha kabla ya jua kuchwa. Hakuna aliyehubiriwa juu ya moshi wala bei ya petroli. Hata hivyo, mwaka haukwisha kabla ya walimu saba kuja kwa baisikeli, na wawili kati yao walikuwa na magari nyumbani.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera iliyokusudia kutenga asilimia 20 ya fedha zake za uchukuzi kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baisikeli. Kusudi hilo ni jema, maana watu wengi wa jiji hilo huenda kwa miguu, na baisikeli haichafui hewa. Lakini barabara njema humfikisha mtu langoni tu. Ndani ya lango desturi hutawala.

Kijana usomaye, huenda siku moja ukawa mkuu wa ofisi, shule au karakana. Siku hiyo tazama ni nani afunguliwaye lango kwanza, na ni chombo gani kipewacho kivuli. Hapo utajua watumishi wako watakujaje kesho.